Mtoto Anapokataa Kula: Ni Tiba Gani ya Mazungumzo Itakayomfaa?

Mada: Ugonjwa wa kujinyima chakula na tiba zake
Walengwa: Wazazi na walezi, walimu wa shule za bweni, viongozi wa dini, wakufunzi wa riadha
Muda: Dakika 25

Vuteni viti karibu na jiko, mwite na vijana wenu, maana mada ya leo inawahusu wao kuliko sisi.

Hebu tumfikirie mama mmoja. Asubuhi huchuma majani chai, mchana hupalilia viazi, jioni hupika. Binti yake ana miaka 15 na yuko katika shule ya bweni. Shule zimefungwa mwezi wa Aprili, binti amerudi nyumbani. Mama anapomtazama, moyo unashtuka. Sketi iliyomtosha Januari sasa inashikiliwa kiunoni na pini mbili. Chakula kikiandaliwa, binti anakatakata ugali vipande vidogo vidogo, anavisukuma upande huu na upande ule wa sahani, kisha anamwekea mdogo wake. Akiulizwa, jibu analo: "Nimeshiba, mama." Siku nyingine: "Leo nimefunga, naomba." Na alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, yeye yuko barabarani anakimbia.

Majirani hawakosi la kusema. Mmoja anasema ni mimba. Mwingine ananong'ona kwamba ni ukimwi. Wa tatu anasema mtoto ametupiwa jicho. Mama anampeleka hospitali. Anapimwa damu, mkojo na makohozi, na hakuna ugonjwa unaoonekana. Daktari anauliza maswali mengi kuhusu chakula, hedhi na hofu ya unene. Mwishowe anasema huenda ni ugonjwa wa akili uitwao anoreksia, na kwamba tiba yake kubwa ni ya mazungumzo.

Mama anarudi nyumbani na swali. Mtoto anaisha kwa njaa, ataponywa na maneno? Na kama ni maneno, ni maneno gani, na ya nani?

Swali la mama huyu ni zuri, na ndilo tutakalolijibu leo.

UGONJWA HUU NI UPI?

Anoreksia ni ugonjwa wa kujinyima chakula. Mgonjwa hula kidogo sana mpaka uzito unashuka chini ya ule unaofaa umri na kimo chake. Huwa na hofu kubwa ya kunenepa, au hufanya kila njia uzito usipande. Akijitazama kwenye kioo, haoni mifupa ambayo sisi tunaiona. Anaona mnene. Wengine hujitapisha, wengine hunywa dawa za kuharisha, wengine hufanya mazoezi kupita kiasi. Huwapata zaidi wasichana walio katika umri wa kubalehe na wanawake vijana, lakini wavulana nao huupata.

Dalili nyingine ni hizi: hedhi kukatika, kuhisi baridi muda wote, kizunguzungu, ngozi kukauka, nywele kukatika na vinyweleo laini kuota mikononi na usoni. Huku kwetu kuvaa sweta si dalili, kwa kuwa kila mtu anavaa. Lakini mtoto anayevaa sweta tatu jua likiwa la utosini, pengine anaficha mwili wake au mwili umeishiwa na joto.

Tafadhali msikilizaji, tuelewane hapa. Huyu mtoto hana kiburi. Haringi. Hadharau chakula cha kwao. Ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Baadhi hufa moyo ukisimama kwa sababu ya njaa, baadhi hujiua.

Tena, njaa yenyewe huiharibu akili. Mwaka 1944 na 1945, vita vya pili vya dunia vikielekea ukingoni, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilifanya jaribio kwa wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe. Walipunguziwa chakula kwa karibu miezi sita. Walikonda, kama ilivyotarajiwa. Lakini pia walijaa huzuni na hasira, walijitenga na wenzao, na fikira zao zote zikawa ni chakula. Baadhi yao walikaa na sahani moja muda mrefu, wakichezea kilichomo. Watu hawa hawakuwa na ugonjwa wa akili kabla ya hapo. Ni njaa iliyowafanya hivyo.

Kwa hiyo shika jambo hili la kwanza: chakula ni dawa ya kwanza. Tiba yoyote ya mazungumzo isiyomrudisha mtoto kwenye chakula haitafika mbali.

JE, UPO HUKU KWETU?

Wengi husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi madaktari wetu waliuona kwa nadra. Mwaka 2004, Daktari Frank Njenga, bingwa wa magonjwa ya akili, pamoja na mwenzake waliandika kuhusu anoreksia nchini Kenya katika jarida la tiba la Afrika Mashariki, na picha iliyotoka ilikuwa ya wagonjwa wachache. Lakini kuonwa mara chache si sawa na kutokuwepo. Mtoto anayedhaniwa ana minyoo, au anayeombewa nyumbani tu, hafiki kwa daktari wa akili, wala hahesabiwi.

Tena ugonjwa huu hubadilisha nguo kulingana na mahali. Mwaka huohuo wa 2004, watafiti walichapisha habari za wasichana wa shule za sekondari nchini Ghana. Kati ya wanafunzi 668 waliopimwa, walipatikana 10 ambao ukondefu wao haukuwa na sababu nyingine ila kujinyima chakula. Wote 10 waliliona jambo hilo kuwa jema, na walilieleza kwa lugha ya dini: kufunga, kujitawala, kuushinda mwili. Hawakutaja warembo wa magazeti. Viongozi wetu wa makanisa, hapo pana somo. Kufunga ni ibada, na hakuna anayeipinga. Lakini kijana anayefunga kila juma, anayefunga peke yake, anayekasirika akiambiwa afungue, na ambaye uzito unazidi kushuka, huyo aulizwe kwa upole na apelekwe hospitali.

Na sisi wa Bonde la Ufa tuna jambo letu: riadha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wasichana chipukizi wa Kenya wanaokimbia mbio za masafa ya kati na marefu ulionyesha kwamba wako katika hatari ya kula pungufu ya nguvu wanazotumia, na ya hedhi zao kuvurugika. Mkufunzi anayemwambia msichana "punguza kilo mbili utashinda" hajui anachopanda.

KABLA YA MAZUNGUMZO, HOSPITALI

Mtoto akikonda, usianze na mshauri nasaha. Anza na kituo cha afya au Hospitali ya Olenguruone. Kukonda kuna sababu nyingi: kifua kikuu, virusi vya ukimwi, kisukari, tezi ya shingo, minyoo, vidonda vya tumbo, huzuni kubwa. Hayo yapimwe kwanza. Mhudumu pia atapima uzito, kimo, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili na madini ya damu.

Mpeleke upesi, usingoje kesho, ukiona haya:

1. Amezimia, au anaanguka akisimama.
2. Mapigo ya moyo yako chini ya 50 kwa dakika akiwa macho.
3. Miguu imevimba, au mwili umepoa kama jiwe.
4. Anakataa hata maji, au hajala kabisa kwa siku kadhaa.
5. Anatapika mara kwa mara, au anakosa pumzi.
6. Anasema anataka kufa, au amejidhuru.

Na hapa kuna onyo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu asishibishwe ghafla. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa mara moja, madini ya damu hushuka kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Aliyekonda sana aanzishiwe chakula hospitalini, kwa kipimo, damu yake ikiangaliwa. Hatua hiyo ikipita salama, ndipo chakula kiongezwe.

Huenda utauliza, je, hakuna kidonge? Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuuponya ugonjwa huu wenyewe. Daktari anaweza kutoa dawa ya huzuni au wasiwasi mkubwa vikiwapo. Lakini nguzo ya tiba ni chakula na mazungumzo.

TIBA ZENYEWE

Sasa tufike kwenye swali la mama yule. Mazungumzo ni ya namna nyingi. Tutazieleza aina zinazotumika zaidi, kisha tuzilinganishe.

Ya kwanza ni tiba ya familia. Ilikuzwa katika Hospitali ya Maudsley mjini London. Hapa wazazi hawakai nje ya mlango wakisubiri. Wao ndio wanaokabidhiwa kazi ya kumlisha mtoto, huku mtaalamu akiwaongoza. Haiulizi nani alikosea, wala haiwalaumu wazazi. Huenda kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza, wazazi huamua mtoto ale nini, kiasi gani na saa ngapi, nao hukaa naye mpaka amalize. Hatua ya pili, uzito ukishapanda, mtoto hurudishiwa uamuzi wa chakula kidogo kidogo. Hatua ya tatu huzungumzwa maisha ya ujana: masomo, marafiki, uhuru wake. Kwa kawaida huchukua miezi 6 hadi 12.

Ya pili ni tiba ya kijana peke yake. Kijana hukutana na mtaalamu faraghani. Huzungumza hofu zake, hasira zake na ugumu wa kukua, ili ajifunze kuyabeba hayo bila kutumia njaa. Wazazi huitwa mara chache.

Ya tatu ni tiba ya fikra na vitendo. Mgonjwa hujifunza kuandika alichokula na alichofikiri wakati ule. Pamoja na mtaalamu hulichunguza wazo kama "nikila kiazi kimoja nitanenepa kesho", kisha hulijaribu kwa vitendo: anakula kiazi, anapima uzito siku iliyopangwa, anaona kilichotokea. Kwa mtu aliyekonda huhitaji vikao vipatavyo 40.

Ya nne ni uangalizi wa kitabibu wenye mazungumzo. Hii ndiyo nyepesi zaidi kuieleza. Mhudumu mmoja, yule yule, anamwona mgonjwa kila juma. Anampima uzito, anamfundisha kuhusu chakula, anamtia moyo, kisha anamwacha azungumze lolote linalomsumbua. Haina kanuni nyingi. Nguvu yake iko katika uhusiano mwema na ufuatiliaji usiokatika.

Ziko nyingine kwa watu wazima. Mojawapo ni njia ya Maudsley ya watu wazima, inayomsaidia mgonjwa kuona ugonjwa unampa nini na unamnyang'anya nini. Nyingine ni tiba ya kuchimbua yaliyofichika moyoni, inayotazama mahusiano yake na watu tangu utotoni.

TUZILINGANISHE

Kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 18, jibu liko wazi kiasi. Mwaka 1987, watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 waliokuwa wametoka hospitalini. Wale ambao ugonjwa uliwaanza wakiwa wadogo, na ulikuwa haujafikisha miaka mitatu, walifaidika zaidi na tiba ya familia kuliko tiba ya mtu peke yake.

Mwaka 2010 ukaja utafiti mwingine, wa Marekani, wenye vijana 121 wa miaka 12 hadi 18. Nusu yao walipewa tiba ya familia, nusu tiba ya kijana peke yake. Wote walipewa saa 24 za tiba kwa mwaka mmoja. Siku tiba ilipomalizika, tofauti ya waliopona kabisa haikuwa kubwa ya kutosha kuiamini. Lakini walipopimwa tena mwaka mmoja baadaye, asilimia 49 ya wale wa tiba ya familia walikuwa wamepona kabisa, na wale wa tiba ya peke yao ni asilimia 23. Ni zaidi ya maradufu.

Msikilizaji, sikuletei hesabu hii ili nikupe matumaini ya uongo. Angalia upande wa pili wake: hata kwa tiba iliyofanya vizuri, zaidi kidogo ya nusu walikuwa hawajapona kabisa wakati huo. Huu ni ugonjwa mgumu. Mzazi ajue ni safari ya miezi, pengine miaka, na kuteleza njiani hakumaanishi mwisho.

Kwa watu wazima, jibu ni tofauti. Hapa hakuna tiba moja iliyozipita nyingine kwa uwazi. Ujerumani walilinganisha tiba tatu kwa wanawake 242, wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 2014. Makundi yote matatu yaliongezeka uzito, na wastani wao haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Australia nao, mwaka 2017, walilinganisha tiba ya fikra na vitendo, njia ya Maudsley ya watu wazima, na uangalizi wa kitabibu wenye mazungumzo, kwa wagonjwa 120. Hakuna iliyoshinda kwa uwazi.

Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha. New Zealand, mwaka 2005, walichapisha utafiti wa wanawake 56. Walilinganisha tiba mbili za kitaalamu na ule uangalizi wa kitabibu, uliowekwa pale kama kipimo cha kulinganishia tu. Kumbe ule uangalizi ndio ulioonekana kufanya vizuri zaidi tiba zilipomalizika! Miaka kadhaa baadaye wanawake hao walipotafutwa tena, tofauti ile ilikuwa imekwisha. Basi tusiseme ndio bora kuliko zote. Tuseme hivi: mhudumu mmoja mwaminifu, mwenye mizani na masikio, anayemwona mgonjwa kila juma bila kukosa, si kitu cha kudharau.

Mwongozo wa taifa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 unafuata mstari huohuo. Kwa watoto na vijana unatanguliza tiba ya familia. Kwa watu wazima unataja njia tatu, ule uangalizi ukiwa mmojawapo, na unamwacha mgonjwa na mtaalamu wake wachague inayofaa.

HAYA YANATUHUSU VIPI OLENGURUONE?

Najua unachofikiria. London iko wapi na Olenguruone iko wapi? Wataalamu wa magonjwa ya akili nchini ni wachache. Kutoka hapa kwenda Nakuru ni kupanda gari mpaka Keringet, mpaka Molo, ndipo uteremke mjini. Ni nauli, na ni siku nzima ya kazi iliyopotea.

Lakini rudi kwenye mambo tuliyoyaona. Tiba iliyofanya vizuri zaidi kwa watoto inategemea nini? Inategemea wazazi, meza ya chakula, mizani, na mtu wa kuwaongoza. Wazazi tunao. Chakula, Mungu ashukuriwe, udongo wa Mau unatupa. Mizani iko katika kituo cha afya. Kinachokosekana ni mwongozaji, na huyo anaweza kupatikana hata kama si bingwa. Mshauri nasaha au afisa wa kliniki aliye tayari kujifunza anaweza. Kitabu cha mwongozo wa tiba hii ya familia kimekuwapo tangu mwaka 2001.

Tena kuna habari njema kwa wenye nafasi ndogo. Utafiti uliofanywa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2016 ulihusu vijana 107. Kundi moja, familia nzima ilikaa pamoja na mtaalamu. Kundi la pili, muuguzi alimpima mtoto uzito na kuzungumza naye kidogo, na mtaalamu akazungumza na wazazi peke yao. Tiba ilipoisha, asilimia 43 ya kundi la pili walikuwa wamepona, na 22 ya kundi la kwanza. Baadaye tofauti ilipungua, lakini utaratibu ule rahisi haukushindwa. Muuguzi, mizani, na wazazi walioelekezwa: hayo yanawezekana hata kwetu.

Basi mama yule afanye nini? Nampa hatua sita, na kila hatua aifuate akiwa na mhudumu wa afya anayemfuatilia mtoto.

Moja: wazazi wawe na kauli moja. Baba akisema "mwache, atakula akisikia njaa", na mama akisema "kula", ugonjwa utapita katikati yao. Nyanya naye, au kogo kama wengi wetu tunavyomwita, aelezwe. Kogo akimfichia mjukuu kwa huruma, amemfichia ugonjwa.

Mbili: mtoto asirudi bweni mpaka mhudumu aseme sawa. Zungumzeni na mwalimu mkuu. Masomo yatangoja. Moyo wa mtoto haungoji.

Tatu: awekewe milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kila siku, saa zilezile. Si lazima kununua vitu vya dukani. Uji wa maziwa, viazi vilivyopondwa na siagi, mayai, maharagwe, parachichi, njugu, maziwa lala, ugali na mboga za majani zilizopikwa kwa maziwa. Mtoto asipike wala asijipakulie kwa wakati huu. Mzazi ndiye apakue.

Nne: mzazi akae naye mezani mpaka amalize, na baada ya kula akae naye muda fulani ili asiende kujitapisha. Maneno yawe machache na yawe ya utulivu. Aseme hivi: "Mwanangu, hiki ndicho chakula chako. Mimi na baba yako tumeamua. Najua unaogopa. Niko hapa na wewe mpaka umalize." Akilia, arudie yaleyale. Akitupa sahani, apakue nyingine.

Tano: asipigwe, asitukanwe, asiaibishwe mbele ya wageni. Asilinganishwe na dada yake. Wala asisifiwe mwili: "Sasa umenona, umependeza" ni sumu kwake. Mseme ugonjwa, msimseme mtoto.

Sita: apimwe uzito kila juma katika kituo kilekile, kwa mizani ileile, na mbio zisimamishwe mpaka aruhusiwe. Mhudumu akiona uzito haupandi baada ya majuma machache, amwandikie barua ya kwenda hospitali kuu ya Nakuru, au Mathari jijini Nairobi. Kusubiri hakusaidii. Ugonjwa uliokaa miaka mingi ni mgumu kuung'oa.

Neno la tahadhari. Kama nyumbani mtoto anapigwa au ananajisiwa, tiba ya familia kwa namna hii haifai. Huyo alindwe kwanza, na tiba yake iwe na mtaalamu peke yake. Na kama mgonjwa ni mtu mzima, mwanamke wa miaka 25 kwa mfano, hamwezi kumtawala kama mtoto. Mwonyesheni upendo, msindikizeni kliniki, mwacheni achague mtu anayemwamini, na mmsaidie ahudhurie kila juma.

UKIMPATA MSHAURI, MUULIZE

Washauri ni wengi siku hizi, na si kila mmoja anaujua ugonjwa huu. Kabla ya kulipa, uliza: Umewahi kumhudumia mtu mwenye ugonjwa huu? Utashirikiana na daktari wake? Atapimwa uzito kila juma? Sisi wazazi tutakuwa na kazi gani? Na tutajuaje kama tiba haifanyi kazi? Mshauri akikuambia mzungumze tu kuhusu yaliyopita na chakula kitakuja chenyewe, huku uzito wa mtoto unashuka, tafuta mwingine.

KWA KUMALIZIA

Mama yule aliuliza, mtoto anaisha kwa njaa, ataponywa na maneno? Jibu ni kwamba maneno matupu hayatamponya. Atasaidiwa na maneno yanayokwenda pamoja na sahani: wazazi wenye kauli moja, muuguzi mwenye mizani, mwongozaji aliyejifunza, na subira ya miezi mingi. Leo jioni, kabla ya kulala, watazame watoto wako wakila. Usiseme kitu. Watazame tu. Na kama kuna mmoja anayekatakata ugali bila kuupeleka mdomoni, kesho asubuhi mwende naye hospitali.



YA KUKUMBUKA

1. Anoreksia ni ugonjwa, na unaua. Si kiburi wala uchawi.
2. Vipimo vya hospitali huja kwanza. Aliyekonda sana asishibishwe ghafla.
3. Kwa watoto na vijana, tiba ya familia ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi.
4. Kwa watu wazima hakuna tiba moja iliyozishinda nyingine. Kuhudhuria bila kukosa ni muhimu.
5. Chakula na mazungumzo viende pamoja.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika kijiji chenu, mtoto akikonda watu husema nini? Maneno hayo humsaidia au humficha?
2. Nani kwenu angekaa na mtoto mezani kila mlo, na majirani wangemsaidiaje kazi za shamba?
3. Kanisa na timu ya riadha zifanye nini zikimwona kijana anayejinyima chakula?